Sweta la Cowichan: bei iko juu, mfumaji yuko chini

SWETA la sufu lililofumwa kwa mkono na mwanamke wa Cowichan, katika kisiwa cha Vancouver huko magharibi mwa Kanada, huuzwa madukani kwa mamia ya dola za nchi hiyo. Kwa mtu aliyezoea kuchagua sweta lake kwenye rundo la mitumba, bei hiyo ni kichekesho. Hata hivyo, hesabu ikipigwa kwa saa za kazi, bei hiyo hiyo inayoonekana kubwa haitoshi kumpatia mfumaji ujira ambao sheria ya jimbo lake inamtaka mwenye duka amlipe mfagizi wake.

Hapo ndipo lilipo fundo la biashara ya nguo za kufumwa kwa mkono zinazouzwa kwa sifa ya haki na ushirikiano na mafundi wa jadi. Biashara hii imewavutia wenye mitaji midogo katika nchi nyingi, kwa sababu haihitaji kiwanda, haihitaji umeme mwingi, na mteja wake yuko tayari kulipa zaidi. Lakini wengi walioingia wakitazama bei ya kaunta peke yake wametoka mikono mitupu. Mkasa wa Cowichan, ambao una zaidi ya karne moja ya kumbukumbu, unaonyesha fedha huingia wapi na huvujia wapi.

Sufu, mafuta na sindano

Watu wa Cowichan ni sehemu ya jamii za Wasalish wa Pwani, wanaoishi kusini mashariki mwa kisiwa hicho na bara jirani. Kabla ya kondoo kufika walikuwa tayari mafundi wa blanketi, wakitumia manyoya ya mbuzi wa milimani pamoja na ya mbwa wadogo wenye sufu waliofugwa mahususi kwa kazi hiyo. Mbwa hao wametoweka. Ngozi ya mmoja wao, aliyekufa mwaka 1859, bado imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian huko Marekani, na wanasayansi waliichunguza na kutangaza matokeo yao mwaka 2023.

Walowezi walileta kondoo katika karne ya 19, na wanawake wa Cowichan wakajifunza kufuma kwa sindano kutoka kwa walowezi hao na kwa masista wa kanisa Katoliki waliofungua shule karibu na mji wa Duncan mwaka 1864. Inasimuliwa pia kuwa mwanamke mmoja kutoka visiwa vya Shetland, Jeremina Colvin, aliyehamia eneo hilo mwaka 1885, ndiye aliyewaonyesha namna ya kufuma nakshi za rangi mbili. Wafumaji hawakuishia kuiga. Waliingiza michoro yao wenyewe, kama tai, nyangumi na kulungu, na wakasokota uzi mnene wa kamba moja, kwa namna iliyotokana na ufundi wao wa blanketi.

Sweta hilo halitiwi rangi. Weupe, kijivu, kahawia na weusi wake ni wa kondoo mwenyewe. Hufumwa kwa mzunguko, mwili wake hauna mshono wa ubavuni, na kola yake ni pana. Sufu huoshwa kiasi tu, ili mafuta yake ya asili yabaki. Mafuta hayo ndiyo hufanya manyunyu ya mvua yateleze juu ya sweta, na ndiyo sababu wavuvi na wakata magogo wa pwani hiyo, ambako mvua hainyeshi kwa mzaha, walikuwa wateja wa mwanzo. Watalii walikuja baadaye.

Kazi yenyewe ni ndefu. Manyoya huchambuliwa uchafu, huoshwa, huanikwa, huchanwa, husokotwa, ndipo sindano zianze. Wanawake wengi walitengeneza mashine za kusokotea kutokana na cherehani kuukuu za miguu, kwa kutoa kichwa cha cherehani na kuweka pia kubwa mahali pake. Ubunifu huo ungeweza kuonekana Gikomba au Kariakoo bila mtu kushangaa. Baadaye wafumaji wengi walianza kununua sufu iliyokwisha kuchanwa na mashine, jambo lililopunguza siku za kazi, ingawa liliongeza gharama ya malighafi ambayo hapo awali mfumaji aliilipia kwa jasho lake.

Hesabu ya saa

Chukuliwe mfano wa makisio tu. Ikiwa sweta moja linachukua saa 40 tangu kusokota hadi kumaliza kola, ikiwa sufu imegharimu dola 50 za Kanada, na ikiwa duka linanunua kwa dola 250 ili liuze kwa 500, basi mfumaji anabaki na dola 200. Gawanya kwa saa 40, anapata dola 5 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara katika jimbo la British Columbia kilipandishwa Juni 2024 hadi dola 17.40 kwa saa. Saa 40 kwa kiwango hicho ni dola 696. Ongeza sufu, inakuwa 746. Duka likizidisha mara mbili, kama ilivyo desturi ya rejareja, mteja atatakiwa kulipa karibu dola 1,500.

Wapo wateja wa bei hiyo, lakini si wengi, na hawapiti kila siku. Kwa hiyo mtu akiuziwa sweta kwa dola 300 na kuambiwa kuwa lilisokotwa na kufumwa kwa mkono, tena aliyelifuma alilipwa kwa haki katika nchi yenye mishahara ya Kanada, ana haki ya kuuliza maswali.

Kwa nini basi wanawake hao waliendelea kufuma kwa malipo ya namna hiyo? Jibu halipo katika utamaduni peke yake, kama matangazo yanavyopenda kueleza. Kwa familia nyingi za Wasalish katika karne ya 20, ajira za mshahara zilikuwa adimu, na sweta lilikuwa fedha taslimu iliyoweza kupatikana bila kuondoka nyumbani. Mama alifuma usiku watoto wakiwa wamelala, akalipeleka mjini, akarudi na unga na nyama. Wakati mwingine hakulipwa fedha bali bidhaa za dukani. Mnunuzi naye alijua kuwa mama huyo hawezi kurudi na sweta lake nyumbani. Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kununua nyanya shambani wakati lori limeshawashwa anaelewa uzito wa mazungumzo ya bei ya namna hiyo.

Mwenye duka pia ana upande wake. Analipa pango, ananunua mwaka mzima wakati watalii hufurika miezi ya kiangazi, na kila sweta ni saizi yake na nakshi yake, hivyo lisilouzika haliwezi kurudishwa kiwandani. Hata hivyo, kati ya wawili hao, aliyekuwa na uwezo wa kungoja ni mmoja tu, na bei ilikwenda kwa yule aliyeweza kungoja.

Jina lenye thamani kuliko sufu

Kadiri sweta lilivyopata sifa ndivyo waigaji walivyoongezeka. Viwanda vya nyuzi vya Kanada viliuza uzi mnene na vielelezo vya kufuma masweta yanayofanana na hayo, mama wa nyumbani yeyote akaweza kujifumia. Huko Japani mtindo huo ulipendwa sana, na makampuni ya huko yakatengeneza ya kwao. Hata sweta maarufu lililovaliwa katika filamu ya The Big Lebowski ya mwaka 1998, ambalo watu wengi huliita la Cowichan, halikutoka Cowichan. Lilikuwa la kiwanda cha Pendleton cha Marekani.

Katikati ya miaka ya 1990 serikali ya jamii hiyo, iitwayo Cowichan Tribes, ilisajili nchini Kanada alama ya uthibitisho wa masweta halisi. Kwa lugha ya biashara, hatua hiyo ilikuwa sawa na kuweka uzio kwenye shamba baada ya ng'ombe wa jirani kula kwa miaka 40. Alama ilisaidia, ila uzio wa Kanada hauzuii ng'ombe wa Tokyo wala New York. Mwaka 2015 kampuni ya Ralph Lauren ililalamikiwa kwa kuuza masweta iliyoyaita kwa jina la Cowichan, na jina hilo likaondolewa baada ya kelele.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja na michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi iliyofanyika Vancouver mwaka 2010. Kampuni ya Hudson's Bay, yenye asili ya mwaka 1670, ndiyo iliyokuwa na mkataba wa mavazi ya timu ya Kanada. Watu wa Cowichan waliomba kazi ya kufuma masweta. Hawakuipata. Oktoba 2009 kampuni ilipoonyesha mavazi yake hadharani, miongoni mwake lilikuwamo sweta lenye kola pana na nakshi za kijivu na nyeupe ambalo, kwa macho ya watu wa Duncan, lilikuwa lao isipokuwa kwa jina.

Chifu wa Cowichan Tribes wakati huo, Lydia Hwitsum, na watu wake walitishia kufanya maandamano katika njia ya mwenge wa Olimpiki. Kampuni ilijitetea kuwa haikuwa na uhakika wa kupata idadi ya masweta iliyohitajika, yenye ubora unaolingana, kwa wakati uliopangwa. Mwishoni mwa mwezi huo pande mbili zilikubaliana: masweta halisi ya Cowichan yauzwe katika duka kubwa la kampuni hiyo mjini Vancouver, jirani na yale ya kiwandani.

Wengi walilichukulia jambo hilo kama ugomvi wa heshima, na kweli heshima ilikuwamo. Lakini hoja ya kampuni kuhusu idadi haikuwa ya kupuuzwa, na ndiyo inayowakwamisha mafundi wa mikono kila mahali. Wafumaji waliotawanyika majumbani, kila mmoja na mkono wake na kipimo chake, hawawezi kuamka Jumatatu na kuahidi maelfu ya vipande vinavyolingana. Mnunuzi mkubwa anataka kipande cha 1 kiwe sawa na cha 5,000. Sifa ya kazi ya mkono ni kwamba haiko hivyo. Kwa hiyo anayetafuta agizo la maduka makubwa kwa bidhaa ya aina hii anajipeleka mwenyewe kwenye mashindano ambayo mashine itashinda, na atashauriwa na kila mtu apunguze bei.

Mwaka 2011 serikali ya Kanada iliutambua ufundi wa wafumaji hao kuwa sehemu ya historia ya taifa. Kampuni ya Hudson's Bay iliomba kinga dhidi ya wadai wake Machi 2025 na kufunga maduka yake yote kufikia Juni mwaka huo. Jina na nembo zake zilinunuliwa na Canadian Tire, jambo linaloonyesha tena kuwa kinachobaki na bei sokoni baada ya rafu kuwa tupu ni jina.

Waliofanya vinginevyo

Mfano ambao wafumaji wa Cowichan wangeweza kuuonea wivu uko Scotland. Kitambaa cha Harris Tweed kina sheria yake yenyewe iliyopitishwa na Bunge la Uingereza mwaka 1993. Sheria inasema kitambaa hicho lazima kifumwe kwa mkono na wakazi wa visiwa vya Outer Hebrides, nyumbani kwao, kwa sufu iliyotiwa rangi na kusokotwa visiwani humo. Msomaji atazame kwa makini kilichoachwa. Sheria haisemi sufu isokotwe kwa mkono. Kusokota na kutia rangi hufanywa na viwanda kwa mashine, na mfumaji hubakiwa na hatua moja tu, ile inayokipa kitambaa jina lake, akikanyaga kitanda chake cha kufumia nyumbani. Kwa njia hiyo saa za kazi zimepungua, kipimo kinalingana, na bado hakuna mtu wa nje anayeweza kutumia jina hilo. Wenye mapenzi makubwa na jadi wanaweza kununa, lakini wafumaji wa visiwa hivyo bado wana kazi.

Nepal wamepita njia nyingine. Kituo cha Kumbeshwar Technical School, kilichoanzishwa mwaka 1983 mjini Patan kwa ajili ya watu wa tabaka lililotengwa, kinafundisha wanawake kufuma masweta kwa mkono na kuyauza nje, na mapato husaidia shule ya watoto. Hapa bei ya saa ya kazi ni ya Nepal, hivyo hesabu inakaa vizuri kuliko Kanada. Hatari yao ni kumtegemea mnunuzi aliye mbali.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Kampuni ya People Tree, iliyoanzia Japani mwaka 1991 na kuingia Uingereza muongo mmoja baadaye, ilikuwa miongoni mwa majina makubwa ya mavazi ya biashara ya haki na mmoja wa wanunuzi wa masweta ya Nepal. Mwaka 2023 tawi la Uingereza liliwekwa mikononi mwa mfilisi likiwa na madeni, yakiwemo ya watengenezaji waliokwisha kusafirisha mali. Nia njema ya mnunuzi haikulipi deni anapoanguka. Katika foleni ya mfilisi benki iliyoshika dhamana hutangulia, na kikundi cha akina mama cha ng'ambo husimama mwisho kabisa pamoja na wadai wengine wasio na dhamana.

Ndiyo maana kanuni moja ya Shirikisho la Biashara ya Haki Duniani, WFTO, inastahili kusomwa na kila mwenye kikundi kabla hajasoma nyingine zote. Inamtaka mnunuzi wa kazi za mikono, akiombwa, atangulize walau nusu ya thamani ya agizo bila riba. Nusu hiyo kwa kawaida hufunika sufu na sehemu ya ujira. Mnunuzi anayesifia haki kwenye lebo lakini anataka kulipa siku 90 baada ya mzigo kufika, anafanya biashara kwa mtaji wa mfumaji.

Karibu na nyumbani

Afrika Mashariki haina jadi ndefu ya sweta, ingawa masweta ya shule yanayofumwa kwa mashine ndogo ni kazi ya watu wengi katika maeneo ya baridi. Huko Njoro, karibu na Nakuru, kikundi cha Kenana Knitters kilichoanza mwaka 1998 kinatumia sufu iliyosokotwa kwa mkono na rangi za mimea, na kimejulikana zaidi kwa wanasesere wa wanyama kuliko kwa mavazi. Uamuzi huo una akili ya biashara ndani yake. Mwanasesere hana saizi, hutumia sufu kidogo, na hubebwa na mtalii ndani ya mkoba. Tembo wa sufu mwenye mkonga uliopinda kidogo hupendwa zaidi. Sweta lenye mkono uliopinda hurudishwa.

Kuhusu jina, somo limeshafika pwani hii. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba isajiliwe huko kuwa mmiliki wa jina la kikoi, kwa tahajia ya Kizungu. Wafanyabiashara na watetezi wa Kenya walipinga, na ombi hilo likaachwa. Laiti lingepita, mtu wa Mombasa au Unguja angeweza kuzuiwa kuuza kikoi kwa jina lake katika soko la Uingereza. Wasusi wa vikapu vya Taita nchini Kenya hawakungoja yafike huko, wamesajili alama yao ya pamoja.

Anayefikiria kuweka fedha katika bidhaa za namna hii aanze kwa kuhesabu saa, kwa kukaa na wafumaji watatu au wanne na saa mkononi, kwa sababu kila kikundi hukisia chini. Hatua ambazo mteja hazioni na wala hazilipii, kama kuchana sufu, zipewe mashine mapema. Lebo iseme wazi ni nini kimefanywa kwa mkono na nini hakikufanywa, kwani mteja wa Ulaya anayenunua kwa dhamiri ndiye pia mwenye hasira zaidi akigundua amedanganywa. Jina lisajiliwe kabla ya maonyesho ya kwanza ya biashara, na lisajiliwe kwa wafumaji, si kwa dalali.

Kuhusu kalenda, maduka ya Ulaya na Marekani ya Kaskazini hutaka nguo za baridi ziwe rafuni Agosti na Septemba. Kwa kazi ya mkono hiyo ina maana ya sampuli kuwa tayari mwaka unaotangulia, agizo na malipo ya awali kupokelewa Januari au Februari, na mzigo kuwa bandarini si baada ya Juni. Kikundi kinachopata agizo lake la kwanza mwezi Mei kwa mali ya Septemba kina sababu nzuri ya kulikataa.